Unguja, Lamu au Kilwa: likizo moja uipeleke wapi?

Una likizo moja, nauli ya safari moja, na unapenda mambo ya kale, muziki na lugha kuliko kulala ufukweni. Uende wapi? Swali hili nimelisikia kwa wenzangu wengi wenye kazi za kuajiriwa, na mwaka mmoja niliamua kulijibu kwa kwenda mwenyewe. Sheria ya kazi Tanzania humpa mwajiriwa siku 28 za likizo kwa mwaka. Nilimwomba mwajiri wangu nizigawe mafungu matatu, nikaenda Unguja mwezi Februari, Kilwa mwezi Juni na Lamu mwezi Septemba.

Sehemu zote tatu zimo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO: Kilwa Kisiwani na Songo Mnara tangu 1981, Mji Mkongwe wa Zanzibar tangu 2000, mji wa kale wa Lamu tangu 2001. Kwa hiyo kigezo cha urithi wa dunia hakitakusaidia kuchagua. Kinachozitenga ni namna utamaduni unavyokufikia. Unguja unaandaliwa na kuletwa mbele yako, kwa jukwaa, ratiba na tiketi. Lamu unapita mtaani na shughuli zake, uwepo usiwepo, na wewe ndiye wa kusogea pembeni upishe. Kilwa umo ndani ya magofu, na usipokwenda na maarifa kichwani utarudi umeona mawe.

Jipime hapo kwanza, kisha ndipo uulize nauli.

Tarehe kabla ya mji

Wengi huchagua mji, wakakata tiketi, halafu wakafika wiki moja baada ya jambo walilolifuata. Pwani ina kalenda zaidi ya moja, na kila shughuli ina ya kwake.

Tamasha la muziki la Sauti za Busara, Unguja, hufuata kalenda ya ofisini na hufanyika Februari. Hilo ni rahisi kulipanga. Maulidi ya Lamu hufuata mwezi mwandamo, katika Mfungo Sita, yaani mwezi wa tatu wa Kiislamu, na huangukia siku za mwisho za mwezi huo, baada ya miji mingine mingi kumaliza maulidi yao. Kwa kuwa mwaka wa mwezi ni mfupi, Maulidi hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka wa kawaida. Aliyekwenda Septemba asimwambie mwenzake kwamba Maulidi ya Lamu ni Septemba, maana baada ya miaka mitatu yatakuwa Agosti. Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya Makunduchi, kusini mwa Unguja, una hesabu ya tatu, ile ya Nairuzi, mwaka wa jua wenye asili ya Uajemi. Wenyewe huufanya Julai.

Juu ya kalenda hizo kuna pepo. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hivi hadi Machi, na bahari huwa tulivu. Masika huanza mwishoni mwa Machi na kulowesha kila kitu hadi Mei. Kisha huja kusi, nayo Juni na Julai hupiga kwa nguvu. Kwa meli kubwa ya Unguja kusi ni tapishi la abiria wachache. Kwa mashua ya Songo Mnara, kisiwa cha magofu karibu na Kilwa, ni sababu ya nahodha kukuambia urudi kesho.

Ramadhani nayo uiweke kwenye hesabu. Unguja na Lamu migahawa mingi hufungwa mchana, na ngoma na taarab hunyamaza. Anayefuata muziki aukwepe mwezi huo. Lakini anayetaka kuona mji unavyobadilika baada ya futari, vichochoro vikiwa na taa na watoto wakikimbia hadi usiku wa manane, hatapata wakati mzuri zaidi. Kilwa Ramadhani haibadilishi mengi, ila kumbuka kwamba anayekuongoza amefunga: anzeni safari alfajiri, msimtembeze juani saa nane mchana.

Unguja: kwa mwenye masikio

Kama kinachokuvuta ni muziki, nenda Unguja. Hapo sina mashaka. Nadi Ikhwani Safaa, kikundi cha taarab, kilianzishwa 1905. Siti binti Saad, mtoto wa shamba aliyeingia mjini kuuza vyungu, alikwenda Bombay 1928 kurekodi nyimbo za Kiswahili kwenye santuri, na sauti yake ikasikika pwani nzima. Bi Kidude aliimba hadi uzeeni kabisa, akafariki 2013. Huo ni ukoo wa muziki usiokatika, na bado unaweza kuukuta ukiwa hai.

Sauti za Busara ilianza 2004. Moyo wake ni Ngome Kongwe, ile iliyojengwa na Waomani baada ya kuwatoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17. Kwa siku tatu au nne hivi unasikia vikundi kutoka pembe nyingi za Afrika, na kwa mtu ambaye mwaka mzima husikia muziki kwenye spika ya simu, kukaa chini ya kuta zile usiku ngoma ikigonga kifuani ni jambo kubwa. Nililipenda sana. Hata hivyo, kama ulichokifuata hasa ni taarab, tamasha si mahali pake pa kuisikilizia. Jukwaani taarab hupewa dakika zake na kushushwa, nayo ni muziki unaotaka muda: udi ujibishane na kanuni, ala ya nyuzi nyingi, fidla ziingie, mwimbaji arudie ubeti ule ule mpaka maneno yampate aliyekusudiwa.

Taarab yangu niliipata jioni moja ya mazoezi ya kikundi. Watu walikuwa hawazidi thelathini. Mama mmoja aliyevaa kanga aliinuka, akatembea polepole hadi mbele kumtuza mwimbaji, akageuka akatutazama sote, kisha akarudi kitini bila kusema neno. Nani aliyekuwa akiambiwa sikujua, lakini waliokaa karibu nami walijua. Kwa hiyo ukienda Unguja Februari, ongeza siku mbili baada ya tamasha, mji ukishatulia, uulizie vikundi vinafanya mazoezi lini. Jibu utalipata kwa watu wa mtaani, maana bango halitakuwepo.

Kwa upande wa majengo, ufike ukijua jambo moja: Beit al-Ajaib, kasri la Sultani Barghash la 1883, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020. Maelezo mengi ya wasafiri bado yanaitaja kama jumba la makumbusho la kuingia na kutembea, na nilikutana na familia iliyosafiri kwa ajili hiyo ikabaki kuitazama kutoka nje. Mkunazini, mtaa wa Mji Mkongwe palipokuwa soko la watumwa hadi lilipofungwa 1873, pana kanisa kuu la Kianglikana lililojengwa papo hapo. Mahali pale pana uzito, na ningependa kila mwanafunzi wa Afrika Mashariki afike mara moja. Ukiwa na siku ya ziada panda gari uende Kizimkazi ukaone msikiti wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Wageni wengi huenda Kizimkazi kwa ajili ya pomboo, wakaupita msikiti huo njiani.

Ubaya wake? Mji Mkongwe umeshazoea wageni kupita kiasi. Nyumba nyingi zimegeuzwa hoteli, na kuna mitaa ambako usiku husikii familia ikizungumza. Papasi, vijana wanaowaandama wageni kutafuta ujira, watakufuata hata kama unazungumza Kiswahili kuliko wao, ingawa ukiwasalimia vizuri na kukataa kwa upole huachia mapema. Na Februari bei ya malazi hupanda.

Lamu: kwa mwenye subira

Lamu ndiko nilikokaa siku nyingi zaidi, na ndiko ningerudi kesho.

Ndege hutua kisiwa cha Manda, nawe unashuka moja kwa moja kwenye gati na kuvuka kwa boti. Mji unaanza majini: mstari wa nyumba nyeupe, mashua zimefungwa, punda wanapakiwa mawe na saruji. Ndani ya mji wa kale magari hayapiti, vichochoro vyenyewe haviruhusu. Mzigo wako utabebwa na mkokoteni au punda, na siku ya kwanza utajifunza kuusikiliza mlio wa kwato nyuma yako na kujibana ukutani. Barabara kuu ya ndani wenyewe huiita Usita wa Mui.

Hapo kwenye jina hilo ndipo raha ya Lamu inapoanza kwa msomaji wa Kiswahili. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, chini ya kamati ya lugha iliyoundwa 1930, kwa hiyo Unguja sikio lako halishtuki. Lamu linashtuka. Mji ni mui, njia ni ndia, moja ni moya, macho ni mato, kuja ni kuya. Nilimuuliza mzee mmoja aliyekaa barazani njia ya kwenda msikiti wa Riyadha.

“Shikamoo mzee. Njia ya Riyadha ni hii?”

“Marahaba mwanangu. Ndia ni iyo, shika kuu kwa kuu.”

Maneno mawili matatu tu, lakini ghafla mashairi ya zamani niliyoyasoma shuleni kwa kukariri, bila kuyaelewa nusu yake, yakafunguka. Maneno niliyodhani ni ya kale na yamekufa yalikuwa yanauza mchicha sokoni. Mwana Kupona binti Msham alimtungia binti yake utendi 1858 kwa lugha ya visiwa hivi. Mpenzi wa ushairi akikaa Lamu siku nne akisikiliza tu, ataurudia utendi ule akiwa na sikio jipya. Faida hiyo huwezi kuinunua Unguja wala Kilwa.

Nyumba nazo zisome polepole. Nje kuna daka, kibaraza cha mlangoni ambapo mgeni hupokewa kabla ya kuamuliwa kama ataingia. Ndani kuna vidaka vya chokaa vimepangwa ukutani safu kwa safu, na juu ya kichochoro utaona wikio, chumba kinachounganisha nyumba mbili ili wenye undugu wapitiane bila kushuka mtaani. Makumbusho ya Nyumba ya Waswahili yanaonyesha haya yote kwa nusu saa. Ngome ya Lamu, iliyojengwa kati ya 1813 na 1821, iko hatua chache kutoka hapo, na asubuhi uwanja wa mbele yake ndio sebule ya mji.

Sasa Maulidi. Yalikuzwa na Habib Swaleh, mwanachuoni mzaliwa wa Ngazija aliyehamia Lamu na kuuasisi msikiti wa Riyadha. Wageni huja kutoka pwani nzima, na wengine kutoka nje ya Kenya. Mchana kuna mashindano ya punda, ya kuogelea, ya mashua na ya bao. Usiku matwari, ngoma ndogo za mkononi, yanapigwa mbele ya msikiti, safu mbili za vijana wakiinama na kuinuka pamoja kama shamba la mtama kwenye upepo. Siku ya zefe, maandamano ya Maulidi, mji mzima unatembea. Asiye Mwislamu anakaribishwa kutazama, ila avae kwa staha, wanawake wasimame upande wao, na kamera isitolewe mpaka umeomba ruhusa. Hakuna wa kukueleza ratiba. Niliikosa shughuli moja niliyoitamani sana kwa sababu kila niliyemuuliza alinijibu “baada ya isha”, na baada ya isha ni muda mrefu. Ndiyo maana nasema Lamu ni ya mwenye subira.

Asiyetaka msongamano wa Maulidi ana tamasha la utamaduni la Lamu, ambalo kwa kawaida huwa Novemba. Lina mashindano kama hayo hayo, mashairi na hina, ila bila ule mwendo wa ibada. Mimi ningechagua Maulidi.

Kuna mambo mawili ya kukufanya usite. La kwanza ni usalama wa barabara. Njia ya gari kutoka Mombasa na Malindi hadi Mokowe, gati ya bara ya kuvukia Lamu, imewahi kushambuliwa, na kuna nyakati mabasi husindikizwa na polisi. Kisiwani kwenyewe nilitembea usiku bila wasiwasi, lakini kuhusu barabara usikate shauri kwa hadithi za mtandaoni: uliza hali ya wiki hiyo hiyo. Kama pesa inatosha, panda ndege. La pili ni vyumba. Wiki ya Maulidi nyumba za wageni hujaa, na aliyefika bila kuweka nafasi hulala Shela, kijiji cha mwendo wa kama dakika arobaini kwa miguu ufuoni, na kurudi kwa boti kila usiku.

Kilwa: kwa mwenye kusoma kwanza

Kilwa ilinishinda siku ya kwanza na kunishika siku ya pili. Sababu ni ile niliyoitaja: hakuna wa kukuchezea kitu.

Kwa hiyo soma kabla. Ujue kwamba Ibn Battuta alifika Kilwa 1331, wakati wa Sultani Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib, baba wa vipawa. Ujue kwamba utajiri ulitokana na dhahabu iliyopita Sofala, bandari katika Msumbiji ya leo, ikitoka bara, na kwamba Kilwa ilipiga sarafu zake yenyewe za shaba. Sarafu hizo zimepatikana Great Zimbabwe, na nyingine ziliokotwa 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Ukiwa na hayo kichwani, Husuni Kubwa inakuwa jambo jingine kabisa. Ni kasri la karne ya 14 juu ya ukingo wa bahari, lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogea la pembe nane. Nilikaa ukingoni mwa birika hilo, pakavu, nyasi zimeota chini yake, kusi ikivuma kutoka baharini, na kwa mara ya kwanza nikaielewa historia niliyofundishwa kwa tarehe tupu.

Msikiti Mkuu una sehemu ya karne ya 11 na nyongeza ya baadaye yenye kuba na nguzo za matumbawe. Gereza, ngome unayoiona ukikaribia kwa boti, ina msingi wa Wareno wa 1505 na ilijengwa upya enzi za Waomani. Kati ya 2004 na 2014 UNESCO iliiweka Kilwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu mawimbi na mmomonyoko vilikuwa vinakula kuta. Kazi ya kuokoa ilifanyika, na unaiona.

Utaratibu: unalala Kilwa Masoko, mji wa upande wa bara, unachukua kibali na mwongozaji kwanza, kisha unavuka. Kilwa Kisiwani ni karibu, asubuhi moja inatosha. Songo Mnara ndiko kunakohitaji akili, kwa kuwa maji ndiyo yanayopanga saa ya kwenda. Mimi nilipoteza siku nzima. Tulifika pwani maji yamekupwa, mashua imekaa mchangani, na aliyetupangia safari hakuwa ameangalia kama ni bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, au maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo. Uliza saa za kujaa na kupwa jioni ya kabla, umuulize nahodha mwenyewe. Songo Mnara kwenye mikoko yake, nyumba na misikiti ya mawe bila mtu mwingine yeyote isipokuwa mwongozaji wako, inastahili kusubiriwa.

Ukirudi, pita Kilwa Kivinje uone majengo ya enzi ya Wajerumani na kumbukumbu ya walionyongwa wakati wa Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Nusu siku inatosha.

Nauli na hati

Kwa anayetoka Dar es Salaam, Kilwa ndiyo nafuu kuliko zote: basi la lami, takribani kilomita 300 kuelekea kusini, na vyumba vya kawaida. Gharama inayouma ni mashua, hasa ukiwa peke yako, kwa hiyo tafuta wenzako wawili watatu wa kuchangia. Unguja boti ya kasi huchukua muda wa saa mbili hivi, unaonyesha kitambulisho, na pesa yako inaishia kwenye malazi na tiketi za tamasha. Lamu ndiyo ghali kwa Mtanzania: unavuka mpaka kwa pasipoti au hati ya kusafiria, unabadilisha shilingi, na una safari mbili ndani ya moja. Kwa Mkenya hesabu hugeuka. Lamu ni ndege ya ndani au basi na boti, na Kilwa ndiyo ya mbali.

Siku ninazoshauri: Unguja tano, Kilwa tatu na moja ya akiba kwa ajili ya maji, Lamu zisipungue sita. Lamu ya siku mbili ni hasara, afadhali uiache hadi mwaka mwingine. Na wenye watoto wadogo waende Unguja, kuna hospitali, vyakula vya kila namna na pa kupumzika.

Kama likizo imekwisha

Kuna wenye siku mbili tu za mwisho wa juma. Hao waende Bagamoyo, kama kilomita 70 kaskazini mwa Dar es Salaam. Magofu ya Kaole yana msikiti wa karne ya 13, na misheni ya Wakatoliki ni ya 1868. Mwili wa Livingstone, mmisionari na mvumbuzi Mwingereza, ulifikishwa misheni hapo Februari 1874, ukiwa umebebwa na watu wake kutoka bara. Na kuna TaSUBa, chuo cha sanaa kilichoanza 1981. Siku za kawaida za masomo ukipita karibu utasikia ngoma za wanafunzi wakirudia pigo lile lile mpaka likae sawa. Tamasha lake la mwaka mara nyingi huwa Oktoba. Nilikwenda Jumamosi ya Novemba isiyo na tamasha lolote, nikakaa chini ya mti kusikiliza zoezi la marimba hadi jua lilipozama, nikawahi basi la mwisho.